Furaha Iliyo Karibu Nasi
Maneno yaliyosemwa mbele ya wakristu wa Karavia katika sikukuu ya Yubilei ya parokia





Tumeagizwa kusema nanyi juu ya faraja na furaha. Siku ya yubilei ni desturi kuhesabu: wabatizwa wangapi, ndoa ngapi, mapadri wangapi waliopita kati yetu. Hesabu hiyo mtaisoma katika kurasa zingine za kitabu hiki. Lakini iko hesabu isiyoandikwa katika daftari la parokia. Ni mara ngapi tuliingia Misa na moyo mzito, wimbo mmoja ukatuinua? Ni mara ngapi harufu ya udongo wa mvua ya kwanza ilituondolea uchovu wa mwezi mzima? Hayo nayo ni mapaji ya Mungu, na leo tunataka kuyashukuru kwa majina yake.

Katika Sheria ya Musa, yubilei ilifika kisha miaka saba mara saba. Baragumu ilipigwa, mashamba yakaachwa yapumzike, watumwa wakafunguliwa, na mtu aliyepoteza shamba lake akarudishiwa. Basi tangu mwanzo yubilei iliunganisha mambo matatu: furaha ya watu, pumziko la udongo, na haki ya maskini. Tunaomba msiyatenganishe mambo hayo matatu katika maneno yatakayofuata.

I. Swali la vijana wetu

Vijana wamekwisha kutuuliza: «Kumwambia mtu asiye na kazi, asiye na maji nyumbani, ayatazame maua na kuimba, si kumlaza usingizi?» Swali hilo ni la haki, na halifai kufunikwa na makofi ya sikukuu.

Kuna faraja inayofanana na mawe yanayochemshwa chunguni ili watoto wenye njaa wangojee mpaka walale. Faraja ya namna hiyo haitoki kwa Mungu. Faraja ya kweli humrudishia mtu nguvu za miguu yake. Humkumbusha kwamba yeye hakuumbwa kuwa mzigo wala chombo cha kazi. Mwaka 1976 Askofu Mkuu wetu Eugène Kabanga aliandika barua ya kichungaji yenye jina «Je suis un homme», maana yake «Mimi ni mtu». Yeye aliyaonya maovu ya wakati ule. Sisi tunaongeza hili tu: mtu anayejua kufurahi kwa vitu vyema anajua pia kwamba yeye ni mtu, na mtu wa namna hiyo ni vigumu kumnunua au kumtisha.

II. Miti isiyongoja mvua

Tazameni kwanza kitabu ambacho Mungu ameandika mbele ya milango yetu. Tunakaa juu ya inchi ya miinuko, zaidi ya metre 1.200 juu ya bahari. Katika miezi ya Juni na Julai baridi ya asubuhi hutukusanya karibu na mbabula. Kisha majani hukauka, moto hupita porini, vumbi hujaa hewani. Mtu mgeni angesema: inchi hii imekufa.

Lakini mwezi wa Septemba, mbele ya tone moja la mvua kuanguka, miti ya miombo hutoa majani mapya, mekundu kama shaba inayotoka motoni. Miti hiyo haingoji mawingu. Hutumia maji na akiba iliyotunza ndani yake na katika mizizi. Mvua yenyewe hufika kwa kawaida mwezi wa Novemba, nao mti unakuwa tayari umevaa. Sisi wakristu tumeitafuta mara nyingi mifano ya tumaini mbali, nayo inasimama kando ya njia.

Kuna mfano mwingine wa Katanga yetu. Juu ya vilima vyenye shaba nyingi miti mikubwa haioti, kwa sababu udongo ule ni sumu kwa mizizi yake. Lakini hapo huota mimea midogo yenye maua, kama ile ambayo wataalamu wanaiita Haumaniastrum katangense. Watafutaji wa madini waliifuata ili wajue shaba iko wapi, na watu wakaiita ua la shaba. Mahali ambapo mwingine hawezi kuishi, huyu anachanua.

Mtakatifu Fransisko wa Assisi aliielewa siri hiyo. Wimbo wake wa kusifu Mungu pamoja na viumbe aliutunga mwaka 1225, alipokuwa mgonjwa katika San Damiano, macho yake yakiwa karibu kuzimika na mwanga ukimwumiza. Alilisifu jua wakati alipokuwa hawezi tena kulitazama. Tena hakuutunga kwa Kilatini, aliutunga kwa lugha ya watu wa kwao. Kutoka maneno ya wimbo huo Papa Fransisko alichukua jina la barua yake Laudato si' ya mwaka 2015. Na sikukuu ya Mtakatifu huyo, tarehe 4 Oktoba, hufika kwetu katika joto kali, miti ya jakaranda ikimwaga maua yake ya zambarau juu ya barabara za mji.

III. Mikono iliyokumbuka

Lubumbashi ulipoitwa bado Élisabethville, weupe na weusi hawakukaa mtaa mmoja. Wazee wetu hawakusahau Desemba 1941, wafanya kazi wa Union Minière walipoomba mshahara wakapigwa risasi. Katika mji huo wenye jeraha, mwaka 1946, Mfaransa mmoja, Pierre Romain-Desfossés, alifungua mahali pa kuchora palipoitwa Le Hangar. Aliwakataza wanafunzi wake kuiga picha za Ulaya. Aliwataka wachote katika ukumbusho wao wenyewe: mto, samaki, ndege, majani.

Kutoka hapo walitoka wachoraji ambao majina yao yanajulikana sasa mbali sana. Bela alichora kwa ncha za vidole vyake. Pilipili Mulongoy aliwajaza ndege na samaki wake katika majani yasiyohesabika, jani moja kisha jani lingine, bila haraka. Mwenze Kibwanga alijenga wawindaji na wanyama kwa mistari midogo iliyolazwa karibu karibu, kama mtu anayesuka mkeka. Romain-Desfossés alikufa mwaka 1954, lakini kazi iliendelea katika Academie ya sanaa ya mji, ambamo Pilipili na Mwenze walifundisha. Mwaka 2015 watu wa Paris waliziona kazi za wachoraji hao katika maonyesho makubwa ya sanaa ya Kongo.

Hatusemi kwamba picha hizo zilifuta mateso ya wakati ule. Picha nyingi zilinunuliwa na wale wale waliotawala. Tunasema hivi: mtu aliyehesabiwa kwa namba ya kazi alikaa kimya mbele ya karatasi, akakumbuka mto wa utoto wake, akautoa nje ukiwa mzima. Kitu hicho hakuna aliyeweza kumnyang'anya.

Muziki nao ulifanya njia yake. Huko Kamina, Padri Guido Haazen, Mfransisko kutoka Ubelgiji, aliwakusanya watoto na walimu wao waimbe. Wakaizaa Missa Luba, maneno ya Kilatini juu ya sauti na ngoma za Kongo, ikaimbwa mwaka 1958 Kamina na tena Ulaya. Mtaguso wa pili wa Vatikano ulikuwa haujaanza. Ilipofika mwaka 1988, Roma ilikubali kitabu cha Misa kwa majimbo ya inchi yetu. Kwa hiyo ninyi wa korali, mnapochoka na mazoezi ya jioni, mkumbuke: waimbaji walitangulia kuonyesha njia, na vitabu vilifuata nyuma.

IV. Sufuria na kikombe cha altare

Wengine watasema: sisi si wachoraji, wala sauti hatuna. Kwa hao tunalo neno la wamonaki Wabenedikto, waliokabidhiwa misioni ya Katanga tangu mwaka 1910, mwaka ule ule mji huu ulipoanza. Kanuni ya Mtakatifu Benedikto inagawanya siku kwa sala, kazi, kusoma na kupumzika, kila saa na kengele yake. Tena inaagiza kwamba vyombo vya kazi vya monasteri vitunzwe sawa na vyombo vitakatifu vya altare.

Wapendwa wamama, mmesikia? Jembe, ufagio na sufuria ni ndugu za kikombe cha Misa. Mama anayefagia kiwanja mbele ya jua kutoka, akiacha mistari safi ya ufagio juu ya udongo, amechora picha. Baba anayetengeneza kiti kilichovunjika mahali pa kukitupa, amesali. Jioni, bukari inapogeuzwa kwa mwiko, majani ya muhogo yakinukia, watoto wakinawa mikono na mkubwa akibariki chakula, hapo kuna ibada ndogo. Bwana wetu mwenyewe alikaa Nazareti karibu miaka thelathini, na kwa sehemu kubwa Injili inainyamazia miaka hiyo. Ilikuwa miaka ya mbao, ya maji ya kisima na ya chakula cha jioni. Hatuwezi kusema ilipotea bure.

Desturi hizo zinatubeba hasa siku ya kilio. Nyumba inapofiwa, wa kwanza kufika ni Mama Kipendano na wanawake wa jumuiya, nao hawaleti hotuba. Wanawasha moto, wanachota maji, wanapika, kisha wanaanza wimbo. Mfiwa anakula bila kujua amekula. Ndivyo Mungu anavyomshika mtu kwa mikono ya jirani.

V. Deni la yubilei

Sasa tuseme lililo zito. Furaha hizi zinaweza kupotea, na zimeanza kupotea.

Uyoga, bowa tunayonunua kandokando ya barabara wakati wa mvua, sehemu kubwa yake huishi imeshikamana na mizizi ya miti ya miombo, kila mmoja akimlisha mwenzake. Mti ukikatwa, uyoga huo nao umekwisha. Nayo miti imekatwa mbali sana kuzunguka mji, kwa ajili ya makala. Hatuwahukumu ndugu zetu wachoma makala, kwani makala yao yanapika bukari yetu sisi wote. Tunajua vema nyumba bila umeme haina njia nyingine. Mnaona sasa kwamba swali la vijana limejibiwa: anayependa kweli uyoga na kivuli cha miti atadai pia umeme na maji kwa wote. Furaha na haki ni shamba moja. Vilima vya ua la shaba navyo huchimbwa, na baadhi ya maua hayo hayapatikani mahali pengine duniani.

Kwa hiyo tunaomba parokia ichukue ahadi nne. Kila jumuiya ipande mipundu na misuku na kuilinda mpaka isimame yenyewe. Vijana wa Kiro wawaendee waimbaji wazee, waandike nyimbo zao mbele ya kaburi kuzichukua. Kila nyumba ichague jioni moja ya juma ambapo wote watakula pamoja, bila mtu kukosa. Na sisi wakubwa tuseme ukweli mbele ya wenye mamlaka juu ya maji, umeme na misitu, kwa adabu na bila woga.

Wapendwa, kesho sikukuu itakuwa imekwisha, viti vitarudishwa, ngoma zitafunikwa. Asubuhi kengele italia kama siku zote, na ufagio utakuwa nyuma ya mlango. Tuuchukue kwa shukrani. Mungu aliyewasha majani ya miombo mbele ya mvua awashe mioyo yetu pia, awapumzishe marehemu wetu wote walioijenga parokia hii, na awalipe wageni wetu mwendo wao.

Tumsifu Yesu Kristu.