BUNDUKI YA BABU: KUITAMBUA NA KUITHAMINI SILAHA YA KIJERUMANI ILIYORITHIWA

(Mada iliyotolewa mbele ya wanausharika na wageni wa Dayosisi, Mbesa)



Utangulizi

Usharika unapotimiza miaka mia moja, masanduku hufunguliwa. Hutolewa Biblia kuukuu, vitabu vya nyimbo vilivyoliwa na mchwa, vyeti vya ubatizo na picha za wazee waliosimama mbele ya kanisa la nyasi. Vitu hivyo huletwa mezani kwa furaha. Lakini ziko nyumba zenye kitu kingine ambacho hakiletwi mezani. Kimefungwa kwa kitambaa, kimewekwa darini, na watoto wamekatazwa kukigusa. Ni bunduki ya babu, na watu husema ni ya Mjerumani.

Mwenye nyumba anapofariki, neno lililokuwa la kunong'ona huwa la kikao. Matanga yakiisha, ukoo hukaa kugawana urithi. Mmoja husema bunduki ile ilikuwa ya Kaisari mwenyewe, kwa kuwa ina taji juu ya mtutu. Wa pili husema yuko mtu mjini aliyeahidi mamilioni. Wa tatu hataki kuiuza. Anataka kuitengeneza afukuze nguruwe shambani. Mjane amenyamaza. Kabla jua halijazama, ndugu waliozikana pamoja wamekwisha kutazamana kwa macho mengine.

Mada hii inakusudia kuwasaidia watu wa kikao cha namna hiyo. Maswali yao ni matatu: kitu hiki ni nini, kina thamani gani, na kifanyiwe nini. Ni vema kuanza na swali la tatu, kwa sababu wengi huliacha la mwisho wakapata hasara.

Sheria na usalama kwanza

Kibali cha kumiliki silaha hupewa mtu, hakipewi ukoo. Marehemu akiwa alikuwa na kibali, kibali hicho hakirithiwi pamoja na ng'ombe na mashamba. Tanzania inaongozwa na Sheria ya Udhibiti wa Silaha na Risasi ya mwaka 2015, iliyochukua nafasi ya sheria ya mwaka 1991. Mwenye kudhani kwamba uzee wa bunduki umeiondoa katika sheria anajiweka hatarini. Wenye kuamua jambo hilo ni Jeshi la Polisi, wala si kikao cha ukoo.

Kwa hiyo, msimamizi wa mirathi aende kituo cha polisi mapema, pamoja na kiongozi wa kijiji, akatoe taarifa kwa mdomo kwanza. Asiibebe bunduki njiani bila kuelekezwa. Aulize namna ya kuikabidhi, na akiisha kuikabidhi apewe hati. Kwa familia zilizochelewa kwa hofu, Umoja wa Afrika umeutenga mwezi wa Septemba kila mwaka, hadi mwaka 2030, kuwa mwezi wa kusalimisha silaha zilizoko mikononi isivyo halali. Serikali inapotangaza msamaha wa namna hiyo, tangazo hilo lisomwe hata kanisani.

Usalama nao una masharti yake. Bunduki yoyote iliyookotwa darini ihesabiwe kuwa ina risasi mpaka mtaalamu aithibitishe kuwa tupu. Isielekezwe kwa mtu. Isijaribiwe kwa risasi ya kuazima. Isisuguliwe kwa msasa wala kupakwa rangi, maana anayesugua kutu husugua na alama, na bunduki isiyo na alama ni kama mtu asiye na cheti cha ubatizo: yupo, lakini hakuna wa kumshuhudia.

Zilifikaje kusini

Si kila bunduki ya kale iliyoko Ruvuma ililetwa na mwindaji wa Kijerumani. Njia zilikuwa nyingi.

Njia ya kwanza ni uwindaji. Nchi iliyo kati ya Selous na Mto Ruvuma ilijulikana kwa tembo na nyati, na walowezi, maofisa na baadhi ya wamisionari walikuwa na bunduki za kuwindia. Mwaka 1905, Otto Bock, fundi bunduki wa Berlin, alibuni risasi ya milimita 9.3 kwa 62, akiwakusudia hasa wawindaji na walowezi wa makoloni ya Afrika. Risasi hiyo ilitumika katika bunduki ya Mauser ya kawaida, ambayo haikuwa ghali, na kwa sababu hiyo ilienea upesi. Wenyeji, kwa kawaida, waliruhusiwa magobole tu, tena kwa kibali.

Njia ya pili ni vita. Mwaka huohuo wa 1905 Vita ya Majimaji ilifika Ungoni na Ubena. Kituo cha Yakobi cha Misioni ya Berlin, huko Njombe, kilishambuliwa na wapiganaji wa Mbeyela, na mmisionari Paul Gröschel pamoja na waliokuwa naye walikilinda kwa bunduki. Tarehe 27 Februari 1906, Wangoni 67 walinyongwa Songea. Kumbukumbu hizi ni nzito kwa Kanisa, wala hazifai kufichwa siku ya sherehe.

Njia ya tatu ni Vita Kuu ya Kwanza. Tarehe 25 Novemba 1917 majeshi ya Paul von Lettow-Vorbeck yalivuka Mto Ruvuma na kuiteka kambi ya Wareno huko Ngomano, yakachukua bunduki nyingi na risasi. Siku chache baadaye Theodor Tafel, aliyetoka Mahenge na watu wake, alisalimu amri bila kumfikia Lettow. Bunduki za Wareno za wakati ule, aina ya Mauser-Vergueiro, zilitengenezwa Berlin na zina maandishi ya Kijerumani. Hivyo, bunduki iliyopatikana karibu na Ruvuma yaweza kuwa na jina la Berlin na bado ikawa imeshikwa kwanza na askari wa Mreno. Baada ya hapo ulikuja utawala wa Mwingereza, na bunduki za Uingereza na Ubelgiji nazo ziliingia nchini.

Kuisoma bunduki

Kazi ya kuitambua ifanyike kituoni, mbele ya askari mwenye ujuzi wa silaha. Msimamizi aombe ruhusa ya kupiga picha za alama zote, hasa zile za chini ya mtutu ambazo huonekana tu mbao zikiondolewa na fundi. Mambo haya ndiyo yatazamwe.

Kwanza, taji. Taji si la Kaisari. Ujerumani ilitunga sheria ya upimaji wa bunduki mwaka 1891, ikaanza kutumika mwaka 1893. Kila mtutu ulipimwa kwa kupigwa risasi yenye baruti nyingi kuliko kawaida, na uliofaulu uligongwa mihuri yenye taji. Taji juu ya U ni ukaguzi. Taji juu ya G ni mtutu wenye mifereji ya kuzungusha risasi. Taji juu ya S ni mtutu wa marisau. Taji juu ya N ni kipimo cha baruti isiyo na moshi. Maelfu kwa maelfu ya bunduki za watu wa kawaida zina mataji hayo.

Pili, tai. Sheria mpya ya mwaka 1939 iliweka tai mahali pa taji. Bunduki yenye mhuri wa tai juu ya N haikuweza kuwapo wakati wa Majimaji, hata kama hadithi ya nyumbani inasema hivyo.

Tatu, jina. Neno Krupp juu ya mtutu hutaja aliyeuza chuma, wala si fundi aliyetengeneza bunduki. Neno Mauser laweza kutaja sehemu ya kufungia risasi tu, huku bunduki nzima imeundwa na fundi mwingine. Miji ya kutafutwa ni Suhl, Zella na Mehlis, na Oberndorf. Na miongoni mwa majina ya Suhl ni J. P. Sauer & Sohn, Haenel na Simson. Herufi ELG ndani ya duara la yai ni za Liège, Ubelgiji.

Nne, namba. Namba 12 au 16 ndani ya duara ni ukubwa wa mtutu wa marisau. Hesabu yake ni ya kale: ni idadi ya mipira ya risasi, yenye upana wa mtutu ule, inayotimiza ratili moja ya Kiingereza. Kwa hiyo namba 16 ni nyembamba kuliko 12.

Tano, umbo. Bunduki ya vita ina mbao ndefu karibu na mdomo wa mtutu na mahali pa kufungia singe. Bunduki ya kuwindia ina mbao fupi, mara nyingi ina vifyatulio viwili, na yaweza kuchorwa wanyama. Yenye mitutu mitatu, miwili ya marisau na mmoja wa risasi, Wajerumani huiita Drilling.

Hapa pana onyo la uhai. Risasi ya Kijerumani ya milimita 8 ina sura mbili zinazofanana sana. Ya zamani ina upana wa karibu milimita 8.1, jeshi la Ujerumani liliibadili mwanzoni mwa karne ya 20, na mpya ina karibu milimita 8.2. Mpya ikipigwa katika mtutu mwembamba wa zamani, yaweza kuupasua mbele ya uso wa mpigaji. Hali kadhalika, mitutu iliyosukwa kwa chuma na pua, yenye mistari kama ya mkeka, ilitengenezwa kwa baruti nyeusi. Yule ndugu wa tatu anayetaka kufukuza nguruwe afahamu kwamba aweza kuwaachia watoto wake msiba badala ya mahindi.

Thamani

Bei ya bunduki ya kale hutegemea fundi wake, hali yake, kama sehemu zote zina namba moja, kama haijabadilishwa, na kama ina karatasi za kueleza ilikotoka. Bunduki ya fundi mashuhuri, yenye michoro mizuri na iliyotunzwa, hupata bei kubwa. Lakini bunduki za kawaida za kuwindia, hata huko Ulaya, huuzwa minadani kwa euro mia chache tu. Bunduki iliyokaa miaka themanini juu ya moshi wa jiko, iliyofungwa kwa waya na kupigiliwa misumari kitakoni, haifikii hapo. Aidha, kuisafirisha nje kunataka vibali vya nchi mbili, na gharama yaweza kuzidi bei.

Yule mtu wa mjini mwenye mamilioni basi ni nani? Mara nyingi ni tapeli. Wapo wanaouza uvumi wa hazina za Wajerumani, wa rupia zilizozikwa na wa zebaki nyekundu iliyofichwa katika vyombo vya kale. Huanza kwa kuahidi, kisha huomba fedha za vipimo, na mwisho huondoka na fedha au na bunduki. Anayeiuza silaha gizani hajui itatumika wapi. Yaweza kurudi kijijini usiku, mikononi mwa jambazi.

Iko thamani nyingine. Bunduki iliyotambuliwa, yenye maelezo ya aliyeibeba na namna ilivyofika, ni ushahidi wa historia ya kusini. Familia inayotaka ihifadhiwe yaweza kuomba, kupitia polisi, ipokelewe na Makumbusho ya Taifa, ambayo Makumbusho ya Majimaji ya Songea ni sehemu yake. Hata silaha ikiteketezwa kwa mujibu wa sheria, picha za alama zake na simulizi za wazee zibaki katika kabati la usharika. Simulizi hizo ziandikwe sasa, kwa jina la msimuliaji na tarehe, kabla wazee hawajaondoka nazo.

Hitimisho

Katika Injili ya Luka sura ya 12, mtu mmoja alimwendea Yesu akitaka aingilie kati urithi wake na ndugu yake. Yesu hakukubali kuwa mgawanyaji. Aliwaonya watu juu ya tamaa. Onyo hilo linakifaa kikao cha ukoo kuliko mizani yoyote ya bei. Bunduki haigawanyiki kwa warithi watatu, bali udugu hugawanyika kwa urahisi.

Babu aliyeiweka darini huenda aliilinda familia kwa bunduki ile, na huenda aliipata kwa njia asiyopenda kuisimulia. Wajukuu hawana budi kumheshimu kwa kusema kweli, kwa kutii sheria na kwa kubaki ndugu. Nabii Isaya aliona siku ambapo silaha zitafuliwa kuwa zana za shamba. Usharika wa Mbesa, unapoingia karne yake ya pili, waweza kuanza kwa hatua ndogo: kuiteremsha ile ya darini kwa usalama, kuikabidhi mchana kweupe, na kumrudishia mjane usingizi wake.

Bwana awabariki. Amina.