Zawadi ya Kuonja
(Hotuba kwa wanafunzi wa zamani, Ujiji)



Kamati imeniomba niseme juu ya zawadi ya sikukuu kwa walimu wetu wanaostaafu. Pendekezo lililopo ni kisanduku cha chupa ndogo ndogo za ramu, za kuonja. Ninyi wanafunzi, hili la ramu liwapite.

Ramu ni pombe kali ya miwa. Nyingi hutokana na molasi, nyingine na maji ya miwa yenyewe. Watu huchagua kwa rangi, wakidhani iliyo nyeusi ndiyo iliyokaa sana pipani. Sivyo. Rangi yaweza kutiwa kwa sukari iliyounguzwa. Kisanduku cha maana kina nyeupe, ya pipani, na ya maji ya miwa, ili mwonjaji aone tofauti.

Lakini hapa ni Ujiji. Baadhi ya walimu hawa walitufundisha asubuhi, na adhuhuri tukawa nao safu moja msikitini. Chupa hiyo aipeleke wapi? Tena fedha hizi ni za mchango wetu sote, wanywao na wasiokunywa.

Mimi napendekeza kisanduku kingine cha kuonja: mawese, dagaa wa ziwa letu, migebuka mikavu, na chumvi ya Uvinza, iliyouzwa pwani hizi kabla reli haijafika Kigoma mwaka 1914. Anayetaka kumwongezea rafiki yake ramu, anunue kwa fedha yake.

Kamati iangalie tu vifuniko vya mawese, maana mwalimu mmoja anahamia Tabora, na safari ya basi ni ndefu.