Sahihi ya Fundi wa Ndege

(Maneno haya yalisemwa na fundi mmoja wa ndege mbele ya wazee, akina mama na vijana wa Takaungu. Tunayachapa ili wasomaji wetu wa mjini na wa mashamba nao wapate faida.)



Kila siku mnaziona ndege zikipita juu ya mji wetu, nyingine zikienda Malindi na Lamu, nyingine zikirudi Mombasa. Watoto huzipungia mikono. Lakini ni wachache waliopata kujiuliza: Ni nani aliyesema kwamba chombo kile kinafaa kuruka? Hilo ndilo ninalotaka kulieleza leo.

Nitaanza na jambo mnalolijua kuliko mimi. Jahazi likiisha kushusha shehena hupandishwa pwani wakati wa maji makuu. Maji yakitoka, fundi hulizunguka, akagonga mbao kwa nyundo na kusikiliza. Palipooza hupatambua kwa sauti. Hutia pamba yenye mafuta katika nyufa, kisha hupaka shahamu na chokaa ili wadudu wa baharini wasilile. Nahodha mwenye akili hasafiri kabla kazi hiyo haijaisha. Ndege nayo ni vivyo hivyo, ila kwa tofauti moja: jahazi likivuja, mabaharia huyafua maji kwa ndoo mpaka wafike bandarini. Angani hakuna ndoo.

Kwa sababu hiyo mataifa yalikutana Chicago, Marekani, mwaka 1944, yakapatana kwamba kila ndege iendayo nchi za nje iwe na cheti cha kuonyesha kuwa inafaa kuruka, nacho kitolewe na serikali ya nchi ilikoandikishwa. Ndege zilizoandikishwa Kenya mtazitambua kwa alama ya 5Y, na vyeti vyake hutolewa na Mamlaka ya Usafiri wa Anga ya Kenya. Mkaguzi huitazama ndege yenyewe, tena husoma madaftari yake: imeruka saa ngapi, kitu gani kilibadilishwa, siku gani, na nani.

Lakini msidhani kwamba cheti kikipatikana mambo yamekwisha. Ndege ndogo nyingi hufunguliwa na kukaguliwa kila baada ya saa 100 za kuruka. Vipande vingine vimewekewa umri. Ukitimia sharti vitolewe, hata kama kwa macho vingali vizuri. Ikigunduliwa kasoro katika ndege za namna fulani, hutolewa amri, na kila mwenye ndege ya namna hiyo hana budi kuitii. Wala hairuhusiwi kutia kipande kisichojulikana kilikotoka. Kazi ya matengenezo ikiisha, fundi mwenye leseni huandika alichokifanya, akatia sahihi. Bila ya sahihi ile ndege hairuki, hata kama cheti chake hakijapita tarehe.

Labda mtu atasema, "Haya yote ni makaratasi tu." Nitamjibu kwa habari ya kweli. Tarehe 18 Aprili 1972, ndege kubwa ya Shirika la East African Airways, lililokuwa mali ya Kenya, Uganda na Tanzania kwa pamoja, ilikuwa ikitoka Nairobi kwenda London. Ilipita Addis Ababa, na ilipokuwa ikikimbia kutaka kuruka kutoka huko, gurudumu la mbele lilikanyaga kipande cha chuma, kile kiwekwacho mahali pa kuinulia ndege kwa jeki. Tairi likapasuka. Rubani akakata shauri kusimama, akafunga breki. Lakini breki hazikushika kwa nguvu zake zote. Ndege ikapita mwisho wa njia, ikaanguka bondeni, ikavunjika na kuwaka moto. Walikuwamo watu 107. Waliokufa ni 43. Uchunguzi ulionyesha kwamba sehemu moja ya breki zile, ilipofunguliwa na kufungwa tena, haikufungwa sawasawa.  Ndugu zangu, kosa la namna hiyo huweza kujificha, likingoja siku ya kuhitajiwa.

Mimi mwenyewe habari hiyo ilinifaa siku moja. Nilikuwa katika uwanja mdogo wa pwani, abiria wamekwisha kufika na mizigo yao, na jua linapanda. Nilipokuwa nikipitisha mkono chini ya gurudumu, niliona bomba jembamba la mafuta ya breki limeliwa na kutu pale linaposhikwa na kikuku chake. Halikuwa limetoboka. Nikamwambia mwenye ndege kwamba safari haiwezekani mpaka bomba jipya lije kutoka Nairobi. Akanijibu kwa hasira, "Tia sahihi tu, utalitengeneza kesho." Abiria nao wakanung'unika, mmoja akaniita mwoga. Nikakataa. Bomba lilikuja siku ya pili, nikalitia, nikaandika, nikatia sahihi, ndege ikaenda salama. Mwisho wa mwezi yule bwana akaniambia nitafute kazi pengine. Niliumia, maana nilikuwa na watoto wawili shuleni. Lakini nililala usingizi.

Nataka mfahamu kwamba sisi wa pwani tuna adui wa karibu, naye ni chumvi. Upepo uleule unaokula mabati ya nyumba zetu hula na chuma cha ndege. Ndege inayolala karibu na bahari huoshwa kwa maji matamu, hukaushwa na kupakwa dawa, na hutazamwa mara nyingi zaidi kuliko ya bara. Anayeona kutu akaifunika kwa rangi amejidanganya mwenyewe. Wahenga walisema, mficha maradhi, kifo humwumbua.

Kwenu vijana mnaotamani kazi hii, nasema: someni hesabu na elimu ya vitu kwa bidii, na Kiingereza pia, maana vitabu vya kazi vimeandikwa kwa lugha hiyo. Huko Nairobi kiko Chuo cha Usafiri wa Anga cha Afrika Mashariki. Mikono myepesi ni kitu kizuri, lakini anayeandika kazi asiyoifanya hafai kushika spana, hata akiwa hodari namna gani.

Na kwenu nyote mtakaosafiri: siku mtakapoambiwa kwamba ndege imechelewa kwa sababu fundi hajatia sahihi, msimtukane. Mpeni kiti akae, na maji anywe. Huenda mtu huyo amekwisha kugombana na bwana wake kwa ajili yenu.