Medali iliyochelewa miaka minne
Maneno tuliyosema kwenye mukutano wa wanachama

Komite ilituomba tuseme juu ya dosie za mashamba. Tutafika huko, lakini tutapitia Polandi kwanza. Mutuvumilie.

Kule kuna mama anaitwa Anita Włodarczyk, aliyezaliwa 1985. Kazi yake ni kutupa nyundo. Si ile ya misumari: ni tufe la chuma lililofungwa kwenye waya, na ya wanawake ina kilo 4. Unaingia ndani ya duara dogo, unazunguka mara 3 au 4, halafu unaachia. Ukikosea kidogo tu, inaenda kwenye wavu.

Mwaka 2009, kule Berlin, alivunja rekodi ya dunia. Akaruka-ruka kwa furaha, akaumia mguu palepale! Mwaka ule ule alikuwa amekufa Kamila Skolimowska, Mupolandi mwenzake, aliyeshinda Olimpiki ya Sydney 2000 akiwa na miaka 17. Anita akawa anatupa na glavu ya yule marehemu. Ninyi mulioleta sufuria ya mama yenu toka Nyarugusu ao Lugufu munaelewa bila sisi kueleza.

Sasa London, 2012. Anita alitupa mita 77.60. Mrusi Tatyana Lysenko alitupa 78.18, akapewa dhahabu. Anita akapewa fedha, akarudi nyumbani. Lakini mikojo ya wachezaji ilikuwa imehifadhiwa kwenye baridi. Miaka ikapita, wakapima tena, wakakuta dawa iliyokatazwa. Mwezi wa 10, 2016, Lysenko akanyanganywa ushindi, na dhahabu ikaenda kwa Anita.

Miaka minne. Ile jioni ya London, na wimbo wa taifa lake uwanjani, hakuna mutu anaweza kuirudisha. Tusidanganyane: haki iliyochelewa inakuja na upungufu.

Lakini muangalie alichofanya katikati. Mwaka 2015 akawa mwanamuke wa kwanza kupitisha mita 80. Mwezi wa 8, 2016, akashinda Rio kwa 82.29, na siku chache nyuma yake, kule Warsaw, akafikisha 82.98, mpaka leo hakuna mwanamuke aliyefika hapo. Kwa hiyo London ilipoamuliwa, alikuwa tayari na dhahabu nyingine nyumbani. Mwaka 2019 goti lilipasuliwa. Mwaka 2021 akashinda tena, Tokyo. Na Paris 2024, akikaribia miaka 39, akakosa medali kwa sentimita 4. Nne tu!

Tuje kwetu. Wengi wenu mulirudi mukakuta mutu mwingine analima kwenye shamba la baba yenu. Dosie iko ofisini, tunajua, tumekaa kwenye ile benchi pamoja nanyi tangu asubuhi, na jibu lilikuwa «mutarudi juma lijalo». Wengine wamesema hawatalima hata shamba la kukodi mpaka haki itoke. Tunaelewa hasira, lakini hapo hatukubaliani nanyi. Watoto wanakula mwaka huu.

Na kuna tofauti moja inayotunyima usingizi. Ushahidi wa Anita ulikuwa kwenye friji. Ushahidi wetu ni wazee wanaojua ule mwembe uliopandwa kwenye mpaka, na mto ulipokuwa unapita zamani. Wazee hawawekwi kwenye friji. Tangu mwaka jana tumezika watatu, na mmoja alikuwa shahidi pekee wa familia mbili.

Kwa hiyo kuanzia siku ya nne tutapita na daftari, kijiji kwa kijiji. Tutatembea na wazee kwenye mipaka, tutaandika, watatia kidole mbele ya shefu na majirani wa pande zote mbili. Wafadhili, tunahitaji mafuta ya pikipiki mbili na karatasi. Wamama, muwaambie wazee wasiende mbali asubuhi ile.