Somo la Kumi na Nne: Siku Moja katika Mkutano wa Wapenzi wa Hadithi za Sayansi

  Natumaini mmekwisha kukaa, taa inawaka, na kila mtu ana daftari na kalamu yake.

Katika somo lililopita tulisoma habari za maktaba na jinsi ya kuazima kitabu. Leo tutatazama watu waliopenda kusoma hata wakaunda mkutano wao wenyewe. Mwalimu wa kikundi, tafadhali andika ubaoni maneno haya matatu: mwanachama, katiba, kura. Tutayatumia sana jioni hii.

Kwanza tuelewane juu ya hadithi zenyewe. Sisi sote twajua hadithi za majini, za sungura mjanja, na za mtu aliyefika nchi isiyojulikana. Hadithi za kubuni za sayansi ni jamaa yake. Mwandishi hujiuliza: je, watu wakiishi kwenye sayari nyingine, itakuwaje? Je, mashine ikiweza kufikiri, nani atamwamuru mwenzake? Kisha huandika jibu lake kwa njia ya hadithi. Mwaka 1926, huko Marekani, bwana mmoja aitwaye Hugo Gernsback, mzaliwa wa Luxembourg, alianzisha gazeti la hadithi za namna hiyo tu. Wasomaji walimwandikia barua, naye akazichapa pamoja na anwani zao. Basi wasomaji wakaanza kuandikiana wao kwa wao, na baada ya kuandikiana wakatembeleana.

Mkutano wa kwanza uliojiita wa dunia ulifanyika New York mwezi wa Julai mwaka 1939. Walihudhuria watu wapatao 200. Bwana Forrest Ackerman na Bibi Myrtle Douglas walikuja wamevaa mavazi ya watu wa zamani zijazo, na mshonaji alikuwa Bibi Douglas mwenyewe. Lakini siku hiyo palitokea jambo baya pia. Vijana sita walizuiwa mlangoni, kwa sababu wenye mkutano walikuwa na ugomvi nao na waliogopa kwamba wangeleta fujo. Mmoja wa hao sita aliitwa Frederik Pohl. Shikeni jina hilo, tutarudi kwake.

Sasa tuitazame siku yenyewe. Tuchukue mkutano wa mwaka 2024, uliofanyika Glasgow, katika Uskochi, kuanzia tarehe 8 mpaka 12 Agosti. Majumba yake yako kando ya mto Clyde.

Asubuhi mgeni hufika mezani kuandikishwa. Hupewa beji yenye jina lake na ratiba ya shughuli. Angalieni neno linalotumika: hasemwi kuwa amekata tiketi, husemwa kuwa ni mwanachama. Anayemwandikisha ni mwanachama vilevile. Anayebeba viti, anayeongoza wageni, hata mwenyekiti wa mkutano mzima, hakuna anayelipwa mshahara. Wengi wao hulipa ada yao kama watu wengine, kisha wakafanya kazi siku zote tano. Wazee walisema kutoa ni moyo, si utajiri.

Baada ya hapo mgeni huchagua pa kwenda, maana saa moja huwa na shughuli nyingi katika vyumba mbalimbali. Katika chumba kimoja watu wanne au watano wameketi mbele wakijadili safari za mwezini, na msimamizi mmoja anawagawia zamu ya kusema. Katika kingine mwandishi anasoma kitabu chake kwa sauti. Kwingine mwandishi ameketi meza moja na wasomaji wachache tu, wanazungumza naye kama jirani. Msomaji anaweza kunyosha mkono akamwambia mtu mashuhuri, "Bwana, mwisho wa kitabu chako sikuuelewa," naye atajibiwa kwa adabu.

Mchana mgeni hupita kwenye ukumbi wa biashara, ambako huuzwa vitabu vipya na vikuukuu. Kuna na maonyesho ya picha, ambapo mnunuzi huandika bei yake kwenye karatasi kando ya picha, na mwingine akaongeza, kama mnada wa kimya kimya. Jioni hufanyika mashindano ya mavazi. Hapo wana desturi nzuri: mtu aliyeshona kwa mara ya kwanza hashindanishwi na fundi wa miaka mingi. Kila mmoja hupimwa na walio daraja lake. Na usiku, wapendao kuimba hukaa kwa duara wakaimba nyimbo walizozitunga wenyewe.

Lakini shughuli ambayo ningependa tukae nayo zaidi ni kura. Kila mwaka wanachama hutoa tuzo kwa vitabu na kazi nyingine walizozipenda. Tuzo hiyo huitwa Hugo, kwa heshima ya yule bwana wa gazeti, na sura yake ni ya roketi. Ilitolewa mara ya kwanza Philadelphia mwaka 1953. Tuzo nyingi duniani huamuliwa na kamati ya wataalamu. Hii huamuliwa na wasomaji wenyewe. Kura ya profesa ni moja, na kura ya dereva wa basi ni moja.

Tena kura yao haihesabiwi kwa namna tuliyoizoea. Mwanachama huvipanga vitabu: hiki cha kwanza, hiki cha pili, hiki cha tatu. Mwalimu, chora ubaoni safu tatu. Tuseme wapiga kura ni 20. Kitabu cha Juma kimepata 9, cha Asha 7, cha Musa 4. Je, Juma ameshinda? Bado, kwa kuwa nusu ya 20 ni 10, naye hajaizidi. Basi Musa aliye wa mwisho huondolewa, na kura zake 4 hupelekwa kwa yule aliyeandikwa wa pili. Kama wote wanne waliandika Asha wa pili, Asha sasa ana 11, naye ndiye mshindi. Faida yake nini? Kikundi kidogo chenye kelele hakiwezi kuwalazimisha wengine kitabu wasichokitaka.

Hata hivyo, sheria nzuri bila watunzaji waaminifu haifai kitu. Mwaka 2023 mkutano ulifanyika Chengdu, katika China. Hesabu za mapendekezo zilipotangazwa Januari 2024, ilionekana kwamba kazi kadhaa zilizopendekezwa na watu wa kutosha zilikuwa zimeondolewa, wala sababu hazikuelezwa. Kimojawapo kilikuwa kitabu cha R. F. Kuang kiitwacho Babel. Wanachama walikasirika, wakauliza maswali kwa sauti, na baadhi ya viongozi wakajiuzulu.

Basi watu wa Glasgow walijua kwamba macho yote yanawatazama. Walipohesabu kura zao waliona jambo la ajabu: majina mengine yalifuatana kama orodha, yametofautiana kwa herufi ya kwanza tu. Ilikuwa wazi kwamba kuna aliyejaribu kununua ushindi. Wahesabuji walizitupa kura 377, na mnamo Julai 2024, kabla ya siku ya tuzo, wakalitangaza jambo hilo kwa watu wote. Hawakumtaja aliyepigiwa kura hizo, maana hapakuwa na dalili kwamba alijua lolote. Andikeni hesabu hii: kura zote zilikuwa 3,813. Ondoa 377. Zimebaki ngapi? Zimebaki 3,436, na hizo ndizo zilizoamua.

Ndugu wasikilizaji, ona kazi ya mtu anayejua kusoma! Udanganyifu ule ulionekana kwa sababu kuna watu walioyatazama majina ya wapiga kura kwa makini.

Wanachama wanayo katiba pia. Atakaye kuibadilisha husimama mkutanoni akatoa hoja, wenzake wakamjibu, kisha kura ikapigwa. Lakini badiliko likikubaliwa leo halishiki mara moja. Ni lazima likubaliwe tena katika mkutano wa mwaka unaofuata. Hivyo hasira ya siku moja haiwezi kuvunja nyumba ya miaka mingi.

Je, sisi wa Afrika tumo? Mwaka 2016, huko Kansas City, tuzo ya hadithi ya urefu wa kati ilikwenda kwa Bibi Nnedi Okorafor, mwandishi wa Marekani aliyezaliwa na wazazi kutoka Nigeria. Kitabu chake chaitwa Binti, neno ambalo kila mmoja wetu analijua. Binti huyo ni msichana wa kabila la Himba wa Namibia, naye ni wa kwanza katika watu wake kupata nafasi katika chuo kikuu kilicho kwenye sayari nyingine. Anaondoka nyumbani, na udongo mwekundu wa kwao amejipaka mwilini.

Lakini mpaka mwisho wa mwaka 2025 mkutano huo ulikuwa haujafanyika katika Afrika hata mara moja. Nauli ya ndege ni kubwa, na viza ni taabu kuipata. Ni mlango mwingine, na wako watu wanaozuiwa hapo. Njia moja ni hii: mtu aweza kulipa ada ya uanachama bila kusafiri, akavisoma vitabu kwao, akapiga kura.

Nimewaomba mshike jina la Frederik Pohl, aliyefungiwa mlango mwaka 1939. Mwaka 1978 wanachama wa mkutano uleule walimpa tuzo kwa kitabu chake kiitwacho Gateway.

Sasa vikundi vijadiliane maswali haya:

1. Kwa nini badiliko la katiba hupigiwa kura miaka miwili?

2. Wahesabuji wa Glasgow wangeweza kuzitupa kura 377 kwa siri. Je, kulikuwa na faida gani kuwatangazia watu?

3. Katika chama chenu cha ushirika au cha akina mama, nani huisoma orodha ya wanachama kabla ya kura? Husomwa mara ngapi?

Kazi ya wiki: kila kikundi kichague hadithi tatu fupi. Someni kwa sauti, kwa zamu, kila mtu ukurasa mmoja. Kisha pigeni kura kwa kuzipanga, moja, mbili, tatu, kama tulivyoonyesha. Mtu ambaye bado anasoma polepole asirukwe zamu yake, na kura yake ihesabiwe sawa na ya mwalimu.

Mpaka wiki ijayo saa kama hii, kwaherini.