Miguu Nayo Ipewe Siku Yake

Msikilizaji, Gatsata hapa Kigali ni mtaa wa magereji, na fundi yeyote pale atakwambia rejeta haifunguliwi ikiwa ingali moto. Miguu ya waendesha baiskeli wetu haipewi subira hiyo.

Septemba 2025 Kigali ilipokea mashindano ya dunia ya baiskeli za barabarani, ya kwanza kufanyika Afrika. Tulimwona Tadej Pogačar akishinda mbio za zaidi ya kilomita 260 za milima mitupu, na waliomaliza ni 30 tu. Ushindi tuliuona. Usingizi wao, chakula chao na mikono iliyowakanda misuli jioni hatukuviona. Kijana anayewaiga akapanda mlima Jali kila asubuhi wiki nzima ameiga nusu ya kazi.

Nawafikiria zaidi abanyonzi wetu, wabeba abiria na mizigo kwa baiskeli. Kinachowaumiza mno si kupanda, ni kuteremka kwa miguu huku wameizuia baiskeli yenye gunia. Hapo msuli wa paja unavuta huku ukinyooshwa, na nyuzi zake zinachanika kidogo kidogo. Maumivu huja kesho yake, yakazidi siku ya pili au ya tatu. Wengi huilaumu asidi ya laktiki, lakini hiyo hutoka mwilini muda mfupi tu baada ya kazi.

Dawa yake haina siri: usingizi wa kutosha, maji, maharage, maziwa, yai likipatikana, na kukanyaga pedali polepole kwenye tambarare ili damu itembee. Mlima usubiri mpaka uweze kushuka ngazi bila kukunja uso. Kumeza diklofenaki ili urudi barabarani ni hatari: maumivu yananyamaza, jeraha linabaki, na ukiwa na kiu kali figo zinadhurika. Mkojo ukiwa na rangi ya chai ya rangi, miguu ikavimba na kuishiwa nguvu, nenda kituo cha afya siku hiyo hiyo.

Najua mtasema: nikipumzika, watoto watakula nini? Swali hilo ni la haki, na halimwelekei mtu mmoja peke yake. Waendeshaji wa Tour de France, wanaolipwa vizuri, hupewa siku mbili za mapumziko ndani ya wiki tatu. Viongozi wa vyama vya ushirika vya abanyonzi, nawaomba: pangeni zamu, kila mwanachama apate siku ya safari fupi za tambarare, na mfuko wenu umfidie kinachopungua.