Fitri ni Kilo Ngapi?



Ndugu zangu vijana na wazazi wa Mbotela, kila mfungo ukikaribia kwisha swali ni lile lile: fitri ni kilo ngapi? Huyu asema mbili na nusu, yule asema tatu. Tunabishana mpaka Idd inatukuta. Hebu leo tuliangalie jambo hili kwa elimu ya vipimo.

Kwanza, Mtume (s.a.w.) hakutaja kilo. Alitaja swaa, yaani vibaba vinne, ambayo wazee wa pwani huiita pishi. Hicho ni kipimo cha ujazo: nafasi anayojaza mtu kwa chakula. Kilo ni ya uzito. Gorogoro ya dukani hupima ujazo, mizani hupima uzito. Sasa, gorogoro ya mchele na gorogoro ya unga hazilingani kwenye mizani, maana unga uliomiminwa tu una hewa nyingi ndani yake. Ndiyo sababu kilo za pishi moja hubadilika kulingana na chakula.

Usiniamini mimi, pima mwenyewe. Chukua mkebe mmoja, upime ukiwa mtupu. Jaza mchele, sawazisha juu, pima, toa uzito wa mkebe, andika. Rudia mara tatu. Kisha fanya vivyo hivyo kwa unga, mkebe ule ule, bila kushindilia. Ukibadilisha mambo mawili kwa pamoja, hutajua ni lipi lililoleta tofauti. Hiyo ndiyo njia ya sayansi.

Na njia hii si ngeni kwetu. Imesimuliwa kwamba Abu Yusuf, mwanafunzi mkubwa wa Imam Abu Hanifa, alifika Madina akiwa na rai kwamba swaa ni ratili 8. Wazee wa mji wakaleta vipimo walivyorithi kwa baba zao. Akavipima, akakuta vinalingana, kama ratili 5 na thuluthi. Akaiacha rai yake. Mwanachuoni mzima, na hakuona haya!

Mwisho, kuna gorogoro zilizobonyezwa kitako. Ukitazama kwa juu waona nzima, kumbe mama wa watu anapunjwa kila siku. Ijaze maji kwa chupa ya lita, uhesabu, kisha ulinganishe na gorogoro nzima. Maji hayana upendeleo. Suratul Mutaffifin imewaonya vikali wanaopunja vipimo, na mwenye duka ajue kwamba saumu yake haimhalalishii mkebe mbovu.

Basi kama unatoa mchele kwa mizani, kilo 3 ni salama zaidi kuliko kupunguza. Ziada ni sadaka. Muhimu imfikie maskini kabla ya swala ya Idd, akiwa amepata haki yake kamili.